Nikatwe pesa sawa, ila mwili wangu niachieni

Hili jambo limenikaa kifuani muda mrefu, na kila nikisikia watu wanalijadili naona wanalichanganya, yaani wanachukua vitu vitatu visivyofanana, kuchangia pesa, bosi kumpangia mfanyakazi, na mtu kuamua kuhusu mwili wake, wanavitia chungu kimoja halafu wanaanza kugombana. Nazungumzia bima ya afya ya lazima. Serikali inasema kila mtu awe na bima, atake asitake. Mmoja anasimama anasema dini yangu hainiruhusu, mwingine anasema mi hata dini sina ila pesa ni yangu na mwili ni wangu niacheni, na wa tatu anawaona wote wawili wabinafsi tu.

Mi nimekaa dawati la mishahara miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha makato yanafika yanakotakiwa, kodi, pensheni, bima, mwisho wa mwezi nafunga hesabu. Siku moja akaja kijana wa stoo, mtu mpole sana, sijawahi kumsikia akibishana na mtu yeyote pale kazini. Kashika slipu yake ya mshahara, ule mstari wa bima ya afya kaupigia wino mwekundu chini yake, mara mbili, na nyuma kabana barua ya kanisa lao imechapwa vizuri na ina muhuri. Akaniambia, "Dada, naomba unitoe kwenye hii. Sisi hatutumii dawa, tunaombewa. Nikiitoa hii pesa ni kama nakiri kwamba Mungu peke yake hatoshi."

Nikamwambia sheria hainipi nafasi ya kumtoa. Akauliza, kwani sheria imesema lazima niende hospitali? Nikasema hapana. Akasema sasa dada, kama sitaenda maisha yangu yote, hii pesa mnanikatia ya nini? Nikakosa la kusema. Nikamjibu kama tunavyojibu watu wa ofisini, nikamwambia ndo utaratibu. Akaikunja barua yake taratibu, akasema asante dada, akarudi stoo.

Ile asante yake bado inaniuma. Aliuliza swali la haki, kwa adabu zote, na mimi nikampa jibu la kumfukuzia mbali. Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu hili jambo, nchi gani imefanya nini, mahakama zimesema nini, na haya ninayoandika hapa ndo ningependa ningemwambia siku ile.

Kwanza ningemwambia kwa nini ni lazima. Bima ya afya inafanya kazi kwa sababu mzima analipia mgonjwa, hamna siri nyingine. Mtu ambaye figo zimekufa anasafishwa damu kwenye mashine mara tatu kwa wiki, wiki zote, mpaka apate figo nyingine au mpaka afe, na hamna mshahara wa kawaida unaoweza kubeba hiyo gharama peke yake, inabebwa na maelfu ya watu ambao mwezi huo hata mafua hawakuugua. Sasa ukiweka bima ya hiari, na ukaikataza isimkatae mgonjwa, mtu mwenye akili zake atafanya nini? Atasubiri. Atakaa nje mpaka siku aambiwe ana uvimbe ndo akimbie kujiunga. Mfuko unabaki na wagonjwa watupu, mchango unapanda, ukipanda wale wazima wachache waliobaki nao wanatoka, unapanda tena, mpaka mfuko unakufa. Hili halihusiani na siasa ya kulia wala ya kushoto, ni hesabu, mi nimefunga hesabu miaka sita najua ninachosema.

Ndo maana wa kwanza kulazimisha hakuwa mjamaa. Alikuwa Bismarck, kansela wa Ujerumani, 1883, mtu aliyewapiga vita wajamaa na aliyetaka wafanyakazi waione serikali kuwa ndo inayowajali badala ya vyama vya kijamaa. Mfanyakazi akachangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja, na kuanzia hapo wengine wakafuata kila mmoja kwa njia yake. Japani ikafikisha bima kwa wananchi wote 1961, Uswisi ikaifanya lazima kwa kila mkazi kuanzia 1996, Uholanzi ikaunganisha ya kwake 2006. Marekani walichelewa. Jimbo la Massachusetts lilianza 2006 chini ya gavana Mitt Romney, halafu Obama akasaini ya nchi nzima tarehe 23 Machi 2010, na hapo ndo moto ukawaka kwa sababu Wamarekani kuambiwa na serikali kwamba nunua kitu hiki wanalichukulia kama tusi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 2012 ikapita kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba ile faini ya kutokuwa na bima ni kodi, na bunge lina mamlaka ya kutoza kodi. Baadaye bunge lenyewe likaishusha ile faini mpaka sifuri kuanzia 2019. Sheria ya kuwa na bima imebaki kwenye karatasi ila haina meno.

Sasa huyu kijana wa stoo hakuwa anakwepa. Hakutaka kusubiri augue ndo ajiunge. Alikuwa anasema sitaki kuingia kabisa, leo wala kesho. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

Kuna watu walishalipitia hili kabla yake. Waamishi wa Marekani, wale Wakristo wanaolima kwa farasi na hawataki umeme wa gridi, wanaamini kumtunza mgonjwa, mzee na mjane ni wajibu wa kanisa, na kwamba ukimwachia serikali wajibu huo umemkosea Mungu. Walipotakiwa kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wengi walikataa. 1961 maofisa wa kodi wakamfuata mkulima mmoja wa Pennsylvania anaitwa Valentine Byler, akiwa shambani analima, msimu wa kulima hasa, wakawafungua farasi wake watatu kwenye jembe wakaondoka nao wakawapiga mnada kulipia deni. Hebu waza hilo jembe limebaki katikati ya shamba. Wananchi wa kawaida, ambao hawakuwa Waamishi kabisa, walikasirika sana, magazeti yakaandika, na 1965 bunge likapitisha msamaha, ila msamaha wenye masharti. Lazima uwe wa kundi la dini linalojulikana, lililokuwepo tangu mwisho wa 1950, linalotunza watu wake kweli. Na unasaini fomu kwamba umeachia mafao yote. Hutalipa, na hutapewa. Ilipokuja sheria ya 2010, makundi hayohayo yakasamehewa na bima ya afya pia.

Mi hapo nimeridhika kabisa. Serikali ilimwangalia mtu usoni, ikapima kama anamaanisha, ikaona watu wake wanatunzana kweli, ikamwachia.

Lakini kuna sehemu ya pili ya hadithi ya Waamishi ambayo watu huwa wanairuka. Mwamishi mwingine, Edwin Lee, alikuwa na shamba na karakana ya useremala, kaajiri Waamishi wenzake. Yeye mwenyewe kama mkulima anayejiajiri alikuwa anaweza kupata msamaha, ila akataka asiwalipie na wafanyakazi wake, kwa sababu ya imani. 1982 Mahakama ya Juu ikamkatalia, majaji wote tisa hakuna aliyepinga. Walikubali kwamba imani yake ni ya kweli na inaguswa kweli, wakasema ila ukishaingia kwenye biashara kwa hiari yako, mipaka uliyojiwekea kwa ajili ya dhamiri yako huwezi kuivalisha sheria inayowagusa wengine. Naomba hiyo ukae nayo, nitairudia.

Waholanzi nao wana njia ambayo mi naona ingemfaa yule kijana kuliko zote. Kwao kuna Waprotestanti wa msimamo mkali wanaoamini kwamba bima yoyote ile ni kutomtegemea Mungu, maana kama Mungu ndo anayepanga nyumba iungue au isiungue wewe unajikinga na nini? Sheria inawaruhusu kukaa nje ya bima ya afya. Sharti ni kwamba lazima ukatae bima zote, ya nyumba, ya gari, ya maisha, zote, huwezi kuikataa ya afya tu kwa sababu ndo inayokukata pesa nyingi. Na badala ya mchango wa bima unakatwa kodi maalum kulingana na kipato chako, na ile pesa haiingii kwenye mfuko wa wote, inawekwa kwenye akaunti ya familia yako. Ukiugua ukaamua kutibiwa, bili inalipwa kutoka humo. Ikiisha imekwisha, deni ni lako.

Nilipolisoma hili nilikaa kimya muda. Mtu amepata njia ya kutii dhamiri yake, ila njia hiyo haina faida ya pesa ndani yake, hakuna atakayejifanya mcha Mungu ili mshahara uongezeke. Yule kijana angeniuliza tena hii pesa ya nini ningemwambia ni yako, iko pale kwa jina lako, siku ukibadili mawazo au mkeo akibadili mawazo utaikuta.

Ndugu zetu Waislamu nao wamelijadili hili kwa kina kuliko watu wengi wanavyodhani. Shida yao kwenye bima ya kibiashara inajulikana, kuna gharar, yaani unanunua kitu kisichojulikana, kuna harufu ya kamari, na kuna riba kwenye jinsi kampuni inavyowekeza pesa. Baraza la kimataifa la fiqhi, yaani wataalamu wa sheria za Kiislamu, lilikaa Jeddah 1985 likasema bima ya kibiashara hairuhusiwi, ila ya ushirika, ambapo watu wanachanga kwa nia ya kusaidiana, inaruhusiwa. Takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kusaidiana, ndo msingi wake huo, na kampuni ya kwanza ilikuwa imeshaanza Sudan tangu 1979. Ninachokipenda hapo ni kwamba hawakuishia kusema hatutaki, walikaa wakajiuliza ni nini hasa kinachokatazwa, wakatengeneza chombo ambacho mwenye imani anaweza kuingia na moyo mweupe. Serikali yenye nia njema ikishajua hilo kwa nini isiruhusu mtu atimize ulazima wake kupitia mfuko wa takaful? Mzima bado anamchangia mgonjwa, hesabu ni ileile.

Kwa hiyo kuchangia nimemaliza. Kinachofuata ndo kinachonitia hasira hasa, bosi kumpangia mfanyakazi.

Niseme wazi kabla sijaendelea, mi ni Mkatoliki, naenda misa, na najua kanisa langu linafundisha nini kuhusu uzazi wa mpango. Sheria ya Marekani ya 2010 ilitaka bima zinazotolewa na waajiri zilipie njia zote za uzazi wa mpango zilizoidhinishwa, bila mfanyakazi kuongezea kitu. Kampuni ya Hobby Lobby, ya familia ya Kikristo ya huko Oklahoma, maduka yao wanayafunga kila Jumapili, ikakataa njia nne kati ya 20, vidonge viwili vya dharura na vitanzi viwili, kwa sababu wanaamini zinaweza kuua uhai ulioshatungwa. Wasingetii wangetozwa kama dola milioni 475 kwa mwaka. Tarehe 30 Juni 2014 wakashinda, 5 dhidi ya 4, kwa kutumia sheria ya uhuru wa dini ya 1993. Sina shaka kabisa na imani ya ile familia. Mtu anayefunga duka Jumapili wakati wenzake wanauza anaamini anachoamini.

Ila ile kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 13,000. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyekuwa upande ulioshindwa, aliandika kwamba gharama ya kuwekewa kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mtu wa kima cha chini. Akauliza pia, kesho mwajiri anayekataa damu akisema bima yake hailipii kuongezewa damu mtamwambiaje? Na anayekataa chanjo? Na anayekataa dawa zenye kitu cha nguruwe, maana kuna vidonge vinavikwa ganda la gelatini inayotoka kwa nguruwe, naye akisema wafanyakazi wangu wasilipiwe hizo?

Bima ya kazini ni sehemu ya mshahara. Mi niliyekaa lile dawati nawaambia ni mshahara, unaupata kwa kuamka saa kumi na moja alfajiri kama unavyoupata ule mwingine. Bosi hawezi kunilipa mshahara halafu akasema ila usinunulie hiki wala kile dini yangu imekataza, tungemshangaa. Kwa nini kwenye bima tunamwelewa? Hapa ndo naikumbuka ile ya Edwin Lee, majaji tisa kwa sifuri, kwamba dhamiri yako ni yako na wala hatuidharau ila imekomea kwako. Miaka 32 baadaye mahakama ileile ikamsikiliza zaidi mwenye kampuni, na mi kama Mkatoliki naona walikosea, na sioni kama kusema hivyo ni kulisaliti kanisa langu. Dhamiri ya yule mama anayepanga bidhaa kwenye rafu nayo ni dhamiri.

Masista je? Hawa wananipa shida kidogo, siwezi kusema uongo. Little Sisters of the Poor ni shirika lililoanzishwa na Jeanne Jugan huko Ufaransa 1839, kazi yao ni kulea wazee maskini mpaka wanapokufa, hiyo tu. Serikali iliwaambia basi msilipie nyie, sainini hii fomu kwamba mna pingamizi, halafu msimamizi wa bima atawapa wafanyakazi wenu huduma hiyo bila pesa yenu. Wakakataa hata kusaini. Wakasema ile saini ndo inayofungua mlango, kwa hiyo na sisi tumo. Kesi imezunguka miaka, 2016 mahakama ikaikwepa kwa kuirudisha chini, 2020 ikaamua 7 kwa 2 kwamba serikali ilikuwa na haki ya kuwapa msamaha mpana. Nawaelewa, wale si wafanyabiashara. Lakini na muuguzi msaidizi anayewageuza wale wazee usiku naye namwelewa, na yeye hajaweka nadhiri yoyote.

Nimekuja kugundua kosa halikuwa la masista wala la yule muuguzi, kosa ni la zamani sana. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande, waajiri wakatafuta njia nyingine ya kuvutia watu, wakaanza kutoa bima, na bima haikuhesabiwa kama nyongeza ya mshahara. Vita vikaisha, mtindo ukabaki. Ndo maana mpaka leo kule dawa ya mtu inapita kwanza mikononi mwa bosi wake, na mikono ikishakuwa ya bosi, dini ya bosi nayo inaingia. Nchi ambayo mchango unaenda moja kwa moja kwenye mfuko na mtu anabeba kadi yake hata akihama kazi, swali la bosi anaamini nini halina pa kuingilia. Pigania hilo kwanza. Masista waachwe na wazee wao kwa amani, na muuguzi aende na kadi yake anakotaka, asiwepo anayemwomba mwenzake ruhusa.

Na wewe kijana mzima usiye na dini ya kukuzuia unayesema siugui mimi, nakuelewa, mshahara wa kwanza ukikatwa unauma. Ila ukigongwa na gari huko barabarani hakuna atakayekuuliza ulisemaje, utabebwa utatibiwa. Marekani kwenyewe, wanakopenda uhuru hivyo, tangu 1986 sheria inailazimu hospitali imhudumie mtu wa dharura kwanza mpaka atulie, awe na pesa asiwe nayo, na hiyo gharama inamwangukia mtu mwingine. Malalamiko yako ya kweli yako kwingine: unakatwa kila mwezi halafu ukifika dirishani unaambiwa dawa hii haimo, kanunue nje. Hapo nalalamika na wewe. Anayenilazimisha kulipa naye alazimike kutoa, na sheria iandike hivyo kwa nguvu ileile, kwa faini ileile.

Nimeacha la mwili mwisho kwa sababu ndo linanigusa nyumbani.

Mama yangu mdogo ni Shahidi wa Yehova. Amefundisha shule zaidi ya miaka ishirini, mchango wa bima umekatwa kila mwezi na hajawahi kulalamika hata siku moja. Kwenye pochi yake kuna kadi kaikunja mara mbili, imeandikwa kwamba asiongezewe damu kwa hali yoyote, hata kama madaktari wanaona atakufa. Siku alipogundulika ana uvimbe kwenye kizazi unaomtoa damu nyingi, na upasuaji ukawa haukwepeki, ukoo mzima tulipagawa. Mi nililia mbele yake. Nikamwambia mama mdogo hii damu ni nini mbele ya maisha yako, akanishika mkono akasema mwanangu, ukinipenda nipende na hili.

Daktari wa upasuaji alifanya kitu ambacho sitakisahau. Alitutoa wote nje, sisi ndugu tuliotaka akubali na wazee wa kutaniko waliotaka akatae, wote, akafunga pazia, akachuchumaa pembeni ya kitanda ili macho yao yalingane, ndo akamuuliza. Mama mdogo alinisimulia baadaye. Alimuuliza, wewe mwenyewe, hamna mtu anayesikia, unataka nini? Akamwambia sitaki damu. Daktari akaandika, akamwambia sawa, basi tutafanya kazi kwa namna nyingine. Upasuaji ukasogezwa wiki kadhaa, akapewa madini ya chuma na sindano za kuamsha mwili utengeneze damu yake wenyewe, na siku yenyewe wakaenda polepole, kila mshipa unafungwa kabla haujamwaga. Bima ikalipa yote. Alitoka kadhoofika ila yuko hai.

Angeweza kufa, hilo nalijua. Na bado nasema ilikuwa haki yake, kwa sababu kukata pesa yangu nikamsaidie mwenzangu ni jambo moja, na kunishika kwa nguvu ukanichoma sindano nisiyoitaka ni jambo lingine kabisa, hata kama aliyekataa amekosea, hata kama sababu yake mi naiona haina msingi. Mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyeelezwa akaelewa, akisema hapana basi ni hapana.

Mtoto sivyo. Hapo sina huruma na mzazi yeyote. Kuna kesi ya 1944 huko Massachusetts, na cha ajabu ilihusu Mashahidi wa Yehova haohao, mama mmoja Sarah Prince aliyekuwa anagawa magazeti ya dini barabarani usiku pamoja na binti wa miaka tisa aliyekuwa anamlea, yeye akiwa shangazi yake. Mahakama ilisema mzazi yuko huru kujifia kwa ajili ya imani yake akitaka, ila hana uhuru wa kumtoa mwanae afie imani hiyo kabla mtoto hajafika umri wa kujiamulia. Kesi haikuwa ya hospitali kabisa, lakini hospitali ndo maneno hayo yamekuja kufanya kazi zaidi. Mtoto anayekufa kwa kukosa damu hajachagua dini yoyote bado. Nilimuuliza mama mdogo kuhusu hilo, tulibishana mpaka chai ikapoa, na hatukukubaliana mpaka leo.

Yule kijana wa stoo alihama kazi muda si mrefu baada ya siku ile, sijui yuko wapi sasa. Mama mdogo anaendelea vizuri. Wiki iliyopita alikuja kwangu na kadi mpya, ile ya zamani imechanika kwenye mikunjo maandishi hayasomeki, na chini kuna sehemu ya mashahidi wawili. Mmoja alishasaini, wa kutaniko lao. Akaniambia sehemu ya pili nimekuachia wewe, kwa sababu najua wewe hukubaliani, na nataka wakiiona wajue kwamba hata asiyekubaliana alinisikia nikisema.

Nikatafuta kalamu, nikasaini.